Jeshi la Champali na Piko

Enzi zetu, kabla darasa halijaitwa gredi, mtoto wa Malindi akisema ana jeshi alikuwa na maana ya jeshi hasa, la kushikwa kwa vidole, tena rangi yake bado mbichi. Najua mtacheka. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na mama husema mtu ambaye bado anashonewa sare ya shule hana enzi zake. Lakini sisi tuliokuwa wa mwisho mwisho kufanya mtihani wa darasa la nane tunajuana. Nawaandikia ninyi mliorudi darasani na ndimi nyekundu mkaapa kwamba hamjagusa mabuyu, mliolazwa kwa nguvu adhuhuri huku mwasikia gololi za wenzenu zikigongana nje, mliotumwa duka la karibu mkaenda la mbali kwa kuwa la karibu lina mbwa.

Mwaka ule shule zilipofungwa kwa ajili ya korona nilikuwa darasa la tano. Wenzangu wengi walilia. Mimi, niseme kweli, nilishukuru kimyakimya. Nilikuwa mtoto ambaye mwalimu akimwita jina hujibu kwa kukitazama kiatu chake. Mgeni akija nyumbani nilimpa shikamoo nikiwa nyuma ya pazia, na marahaba yake ikanikuta jikoni. Rafiki nilikuwa naye mmoja tu, Kahindi, wa nyumba ya nyuma, ambaye babake alikuwa seremala. Kati ya ua wetu na wao palikuwa na ukuta wa makuti wenye tundu la kupita mtoto. Bibi, mamake mama, aliliziba mara tatu, kisha akakubali kwamba tundu limemshinda.

Jeshi lilianza na Mjomba Bakari, kakake mama. Mjomba alikuwa akimtunzia nyumba Mtaliano mmoja mzee kule upande wa ufuoni, na mzee yule alikuwa na chumba kizima cha askari wa madini ya risasi, kila mmoja hazidi kidole cha mwisho. Mjomba alitusimulia kwamba alipoanza kazi alidhani bwana wake ni mwenda wazimu: mtu mzima, mvi tupu, amevaa miwani miwili juu ya pua moja, apaka kifungo cha koti rangi ya dhahabu. Mwaka haukuisha, Mjomba mwenyewe ndiye aliyekuwa akimwambia, "Hicho kifungo cha tatu umekiruka." Korona ilipoingia Mtaliano akarudi kwao na askari wake, akamwachia Mjomba sanduku la rangi zilizoganda na brashi tatu. Kazi ikaisha. Mjomba akawa ashinda kwetu barazani tangu asubuhi, akiwasema wapita njia, mpaka mama akamwambia afadhali awafundishe watoto jambo lolote.

"Nina ujuzi mmoja tu," Mjomba akasema, "na mwenye kuutaka yuko Ulaya."

Tukautaka sisi.

Risasi hatukuwa nayo, lakini champali, yaani kandambili, tulikuwa nazo tele. Kila maji yakijaa na kutoka, ufuo ulibaki na champali za mpira zilizotupwa na bahari, za buluu, za kijani, za rangi ya waridi, na karibu zote za mguu wa kushoto, kana kwamba huko zitokako watu wote walizaliwa hivyo. Tuliziokota, tukaziosha kisimani, tukazianika ukutani mpaka Bibi akauliza kama tumefungua msikiti. Kahindi ndiye aliyekata. Alikuwa na wembe wa babake na subira ambayo sijaiona kwa mvulana mwingine. Champali nzuri ina tabaka, buluu juu na nyeupe katikati, basi yeye alijua kukata hivi kwamba buluu iwe koti na nyeupe iwe suruali, na askari anatoka amevaa kabla sijamgusa. Tuliwasimamisha juu ya vifuniko vya soda vilivyojazwa mchanga na gundi ya mkorosho. Mjomba aliwapima mmoja mmoja kwa kidole chake cha shahada. "Akizidi hapa," alisema, "huyo si askari, ni jini."

Kupaka rangi ilikuwa kazi yangu. Mama alikuwa, na bado ni, fundi wa kuwapamba bibi harusi kwa hina na piko, na mimi nilikulia kando ya miguu ya bibi harusi wa watu. Piko ni nyeusi kama shimo, na ikikauka haina msamaha. Mkono ukitetemeka ndio basi. Nilichonga chelewa ya ufagio mpaka ncha yake ikawa nyembamba kuliko sindano, nikaichovya katika piko niliyoiiba kidogo kidogo, na kwa hiyo nikachora mikanda, vifungo, kamba za viatu. Ndevu za Wareno nilizichora unywele mmoja mmoja. Harufu ile ya piko, mafuta ya taa na gundi ya mkorosho, nikiisikia hata leo mate yananijaa, kama mtu aliyepita penye mahamri.

"Wewe huongei," Kahindi aliniambia siku moja akimgeuzageuza Mreno wangu, "lakini huo mkono wako wapiga domo."

Vita vya kwanza vilikuwa vya Wareno na watu wa Mombasa. Uwanja ulikuwa mlango mbovu uliolazwa juu ya mitungi miwili, nyumba zilikuwa mawe ya matumbawe, vichaka vilikuwa mwani uliokaushwa. Askari alisonga kipande cha chelewa kwa zamu moja. Wakikutana maadui tulirusha kauri tano, na kila kauri iliyoangukia mgongo, mdomo wake ukitazama juu, iliua mtu. Sheria ya Mjomba ilikuwa moja tu isiyo na mjadala, hakuna kupuliza kauri. Shida ilikuwa nani awe watu wa Malindi, maana katika historia sisi ndio tuliomkaribisha Mreno kwa mikono miwili, na hakuna mtoto anayetaka kucheza mkaribishaji. Kahindi akaamua. "Watu wa Malindi wapewe sinia la halua, wasimame mlangoni." Na kweli tulitengeneza watano, na sinia la bati, na walisimama pembeni vita vyote bila kuuawa wala kuua. Mjomba alisema hiyo ndiyo historia sahihi kabisa tuliyowahi kuitengeneza.

Sasa kulikuwa na Bibi. Bibi hakupinga vita. Alipinga macho. Siku aliyoona Mreno mwenye macho mawili na nyusi alikiweka kikombe chake chini polepole. "Kitu chenye macho na hakina roho, sikitaki chini ya paa langu," alisema. "Malaika hawaingii. Na siku ya kiyama utaambiwa wewe, haya, kitie roho. Utakitia?" Nilisema sitaweza. "Basi kifute." Kwa hiyo majeshi yaliyolala kwetu yalikuwa na ndevu, kofia, mikanda, na nyuso tupu kama mayai. Mimi nilitii, lakini nitakiri hapa kwamba iliniuma. Macho ndiyo niliyokuwa nayaweza kuliko vyote. Nukta mbili, na mtu anakutazama.

Baada ya Wareno, Kahindi akataka vita vya kwao: Wagiriama na Mwingereza, pale Mwingereza alipotaka watu wahame ng'ambo ya mto Sabaki na watu wakakataa. Alikuwa amevisikia kwa nyanyake, mamake babake, na alivitaka kwa namna ambayo hakuwahi kuvitaka vya Wareno. Tukaanza na Waingereza. Mimi nikawapaka makoti mekundu, na kwa kuwa nyekundu ya Mtaliano ilikuwa imeisha, nilitumia rangi ya mabuyu. Asubuhi yake sisimizi walikuwa wamelila jeshi zima la Mwingereza. Tulicheka mpaka Bibi akatoka na ufagio. Mjomba alisema tumestahili, kwani Mwingereza wa vita vile hakuja hapa na koti jekundu. "Alikuja na kaki. Na wengi wa askari wake walikuwa Waafrika kama wewe na yeye. Paka ukweli." Nikachanganya hina na nyeupe nikapata kaki safi sana, na uso nikaupaka rangi ya uso wangu, bila macho.

Wagiriama Kahindi hakutaka wawe wa champali. Alisema hawezi kuwatengeneza watu wao kwa viatu vya watu. Alikusanya vipande vya mbao chini ya benchi ya babake, akakata askari arobaini, bapa, kila mmoja na kichwa chake cha mviringo na mabega yake. Nao wangelala kwao, si kwetu, kwa hiyo macho yaliruhusiwa. Nilifurahi kama niliyefunguliwa kamba.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Mwaka uliotangulia shule ilikuwa imetupeleka jumba la makumbusho, na pale niliona vigango. Kwa ambaye si wa huku, kigango ni ubao mrefu uliochongwa, wenye kichwa na mwili, ambao Wagiriama humsimamishia mzee aliyekufa, mzee wa heshima, na huchongwa na wazee wenye idhini. Mimi sikujua hata nusu ya hayo. Nilichokiona ni pembetatu ndogo ndogo zilizochorwa safu kwa safu kifuani, na niliziona nzuri kuliko pambo lolote la bibi harusi. Basi kila askari wa Kahindi nikamchora pembetatu zile kwa piko, na macho, na Kahindi akaona wamependeza. Kisha akawapa majina. Aliyataja, nami nikayaandika kwa kalamu kwenye ncha zao za chini: Charo, Karisa, Kazungu, mpaka arobaini. Wa mbele, jemadari, akamwita Katana, jina la babu yake aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Tukawachomeka wote arobaini katika beseni la mchanga, mistari minne, tukawatazama jioni nzima.

Juma lile nyanyake Kahindi alikuwa amekuja kutoka kijijini kwao, Adu. Kwao nyanya huitwa Hawe, na sote tulimwita hivyo. Alikuja kutolewa mtoto wa jicho hospitalini, na miaka mingi alikuwa haoni ila kivuli. Siku alipofunguliwa bendeji nilikuwa nikipita kwenye tundu na Waingereza wangu kwenye kikapu. Nilimkuta amesimama mbele ya beseni. Nikarudi nyuma, nikakaa nyuma ya makuti, na yote yaliyofuata niliyasikia na kuyachungulia hapo.

"Hawa ni akina nani?" Hawe aliuliza.

"Ni askari, Hawe. Ni mchezo," Kahindi akasema.

"Wana majina?"

Kahindi hakuwa mwongo. "Ndiyo. Yako huku chini."

"Nisomee."

Akasoma. Charo. Karisa. Kazungu. Alipofika Katana sauti ya Hawe ikawa ndogo. "Umemsimamishia nani kigango, mudzukulu wangu? Babu yako? Kwenye beseni la kufulia?"

Babake Kahindi akaja na randa mkononi. Alipoona akashika kichwa, akasema atavichoma vyote sasa hivi. "Utamchoma babako?" Hawe akamwuliza, naye akaiweka randa chini. Kisha baba akamgeukia Kahindi. "Nani amechora haya?"

Nyuma ya makuti nilivitazama vidole vyangu, vyeusi kwa piko.

"Ni mimi," Kahindi akasema.

Nilikaa kimya. Hilo ndilo jambo ambalo nimelibeba mpaka leo, na ndiyo sababu ya kuandika. Nilikaa kimya, nikasikia Hawe akisema kwamba mtoto anayecheza na koma, roho za wazee, hajui alikotoka, kwamba mji umemlea vibaya, na kwamba Jumapili ataondoka naye kwenda Adu akakae huko. Babake hakupinga. Askari wakatiwa kwenye mkebe wa biskuti, mkebe ukawekwa juu ya boriti, na Kahindi akakatazwa kutoka nje. Ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa sikula. Jumamosi asubuhi mama aliniita chumbani anakochanganyia hina. Hakuuliza naumwa wapi. Alinionyesha kopo la piko, lilivyoshuka.

"Hii nani ameitumia?"

Nikamweleza, na nilipomaliza nilikuwa nalia. Nilidhani atanipiga. Akakaa kwanza.

"Na yule mtoto amekuchukulia kosa lako?"

"Ndiyo, mama."

"Na kesho anaondoka?"

"Ndiyo."

"Mwanangu," mama akasema, "ulimi hukupewa wa kuonjea chumvi peke yake. Nitakusindikiza mpaka kwenye makuti. Kuingia utaingia mwenyewe."

Nilimwomba aniombee yeye, aseme yeye, mimi nisimame kando. Akakataa. Alinifunga leso kichwani, akanifuta uso kwa pembe yake, tukaenda. Kwenye tundu akasimama, na mimi nikapita.

Hawe alikuwa kwenye mkeka achambua mchicha. Kahindi alikuwa amekaa mlangoni, na aliponiona alitikisa kichwa, kunionya nirudi. Babake alikuwa kwenye benchi. Nikasema shikamoo mara mbili kwa sababu ya kwanza haikutoka.

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Ni wa nyumba hii ya mbele, Hawe. Ni mimi niliyechora. Kahindi alikata mbao tu."

Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mtu mzima asiye wa kwetu. Hawe aliyaweka majani chini.

"Nipe mikono."

Nikampa. Aliigeuza, akazitazama kucha, na piko ilikuwa bado iko kwenye vidole vitatu. Macho yake mapya yalikuwa na maji maji.

"Nani alikufundisha pembetatu zile?"

"Niliziona makumbusho. Vilikuwa vimesimama nyuma ya kioo. Nilipenda tu. Sikujua."

"Makumbusho." Alilitamka neno lile kama mtu anayetafuta jiwe kwenye wali. "Uliona vingapi?"

"Sita, Hawe. Au saba."

"Kimoja kilikuwa na bega lililovunjika? Hili la kushoto?"

Nilijaribu kukumbuka kwa nguvu zangu zote, na nikasema kweli. "Sijui."

Ndipo akatueleza, na hata Kahindi alikuwa hajui. Kigango cha mumewe, Katana, kilisimama kwao Adu miaka mingi. Asubuhi moja wakakuta shimo. Watu wasiojulikana walikuwa wamekichukua wakakiuze kwa wageni wanaopenda kupambia navyo nyumba zao, kama walivyochukuliwa vya watu wengine wengi. Wenyewe walipokwenda kushitaki, waliulizwa picha. Watu wa kutafuta vitu vilivyoibwa wanataka picha. Na nani alikuwa na picha? "Niliwaambia nakiona hapa," Hawe akasema, akagusa paji la uso. "Wakaandika, hakuna picha. Mimi nikaja kupofuka. Juzi nimefumbuliwa macho, cha kwanza kukutana nacho ni jina lake kwenye beseni."

Babake Kahindi alikuwa amegeuza uso ukutani. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Lakini Hawe alikuwa bado ameshika mkono wangu wa kulia.

"Mkono huu waweza kuchora kitu ambacho hujakiona?"

"Ukiniambia, naweza kujaribu."

Babake Kahindi alinipa penseli yake bapa ya useremala, na Kahindi akaleta daftari la hesabu. Nikalala kifudifudi kwenye mkeka, Hawe akaanza kusema. Mwili ulikuwa mrefu hivi. Kichwa, la, hakikuwa duara hivyo, kilikuwa bapa kama sahani iliyosimamishwa. Futa. Shingo ilikuwa fupi, mwenyewe alikuwa na shingo fupi. Pembetatu safu tatu hapa, halafu nafasi, halafu mbili. Futa, umezijaza sana, fundi hakuzijaza. Bega la kushoto lilimeguka ng'ombe alipojikuna. Ng'ombe yule tulimchinja. Kahindi akacheka bila kutaka, na Hawe naye akacheka kidogo, kisha akaniambia nifute tena.

Nilichora kurasa tano. Adhana ya alasiri ikapita. Mama alikuwa amechoka kusimama kwenye tundu, akaingia, akakaa na kumalizia ule mchicha. Kwenye ukurasa wa tano Hawe akaacha kunisahihisha. Nikangoja aseme futa. Hakusema. Akaweka kiganja chake wazi juu ya karatasi, akakiacha hapo.

"Ndiye," akasema.

Habari ya Adu haikutajwa tena. Jioni ile babake Kahindi aliuliza kama mtoto afunge nguo zake, na Hawe akajibu, "Za nini? Shule zao zitafunguliwa." Ila mkebe uliteremshwa, na hukumu ikatolewa. Pembetatu zifutwe zote kwa msasa. Majina yafutwe. Nilidhani atamchukua Katana mdogo aende naye, nikamtoa nikampa kwa mikono miwili. Akamrudisha. "Huyu si yeye. Yeye ni huyu," akasema, akaonyesha karatasi. Tukasugua mimi na Kahindi siku nzima ya Jumapili, vumbi la piko likitutoka puani, na macho yakaondoka pamoja na pembetatu. Nilimwambia Kahindi kwamba Bibi yangu na Hawe wake hawajawahi hata kusalimiana, lakini wakiketi pamoja wanaweza kuitawala nchi.

"Na majina?" Kahindi alimwuliza Hawe. "Nitamwitaje mtu akifa?"

Hawe akafikiri. "Waite samaki. Samaki hana koma."

Basi vita vya Sabaki vilipiganwa Jumanne iliyofuata barazani kwetu, Wagiriama wa mbao tupu kwa Waingereza wa nyuso tupu, na mto ulikuwa leso ya Bibi ya buluu, hivi kwamba waliozama walizama juu ya maandishi yake. Mjomba alikuwa Mwingereza. Bibi alitazama kupitia dirishani akijifanya anachagua mchele. "Changu amekufa," Kahindi alikuwa akisema kwa sauti ya msiba. "Tafi amekufa. Kolekole amevuka." Kauri zilimkataa Mjomba siku ile, alirusha mara tatu mfululizo zote zikalala kifudifudi. Alipobaki na askari wawili aliinua mikono akasema kwamba yeye anakubali kushindwa, lakini historia haikuwa hivyo.

"Basi ilikosea," Kahindi akamjibu.

Mjomba akamtazama, akaokota kauri zake.

Shule zikafunguliwa. Mjomba akapata kazi Mtwapa, na brashi zake tatu akaniachia mimi. Kahindi baada ya darasa la nane alikwenda Adu kwa hiari yake mwenyewe, kwa kuwa Hawe alikuwa hawezi tena kuteka maji, na huko ndiko anakosomea. Nakala ya ule mchoro ilipelekwa kwa watu wa makumbusho. Mpaka sasa hakuna jibu. Wa asili Hawe aliukunja akauweka kwenye pindo la leso yake, na mwaka jana alipofariki walimzika nao, Kahindi aliniambia kwa simu, halafu tukanyamaza sote wawili, kwa kuwa kwenye simu hakuna mkono wa kupiga domo.

Mimi siku hizi naweza kuzungumza darasani, si sana. Nikiitwa nasimama. Na nina mdogo wangu wa gredi ya nne ambaye ana vita vyake ndani ya simu ya mama, vita vizuri kuliko vyetu kwa kila kipimo, moshi unatoka, farasi wanahema, askari elfu wanakimbia kwa pamoja na wote wana macho. Bibi akimpita anageuza uso akisoma dua. Juzi nilikaa kando yake nikatazama. Mmoja alianguka mbele kabisa, karibu na mto, nikamwuliza huyo ni nani.

"Nani?" akasema, hakuinua macho.

"Huyo aliyeanguka."

"Ni mtu tu," mdogo wangu akasema, na mtu mwingine alikuwa keshapita juu yake.